Unataka mashine ya kadio (mazoezi ya kuchangamsha moyo na pumzi) upungue uzito? Pitia hatua hizi kabla hujatoa hela (watu wa Mtwara hasa)

Wadau mambo, mimi nafundisha mazoezi hapa Mtwara mjini na swali linalonijia kila mara ni "ticha ninunue mashine gani nipungue", na anayeuliza anakuwa ameshaiona tredimili (ile mashine ya kukimbilia juu ya mkanda) Instagram anataka tu nimwambie sawa. Ngoja kwanza.

Hatua ya 1. Anza na magoti yako. Kama una kilo mia na kitu, kukimbia juu ya mkanda kunapigisha goti mzigo unaozidi uzito wako kila unapokanyaga, so anza na baiskeli ya mazoezi, siti inakubeba. Elipitiko (ile unakanyaga huku mikono inasukuma) nayo ni poa maana mguu hauachii pedeli. Una presha, sukari au shida ya moyo? Pitia hospitali ya Ligula uonane na daktari kwanza, hapa sitanii.

Hatua ya 2. Umeme, na hapa ndo wengi wanalia. Baiskeli ya sumaku (sumaku ndo inaleta ugumu wa kukanyaga) na elipitiko nyingi za nyumbani hazichomekwi ukutani, kisikirini kinatumia betri kama za rimoti, umeme ukatike usikatike unaendelea. Tredimili ya mota ukikatika mkanda unasimama na wewe bado uko spidi. Halafu mitumba jamani, geuza mashine usome stika ya volti, za Japani zinakuja 100, za Marekani 110 mpaka 120, na sisi soketi zetu ni 230, ukichomeka hivihivi unasikia paa, bodi imeenda. Transfoma ya kushusha ipo ila lazima ibebe wati zote za mota, na hiyo ni bajeti nyingine.

Hatua ya 3. Kutu. Ukikaa Shangani au Mikindani hewa ya chumvi inakula bolti mchana na usiku. Kabla hujalipa washa tochi ya simu umulike chini ya fremu, rangi ikivimba ujue kwa ndani kumeoza. Ukishainunua usiiweke barazani, na jasho ulifute kila ukimaliza maana nalo ni chumvi.

Hatua ya 4. Panda hapohapo dukani ukiwa na raba, sio kandambili. Uzito ulioandikwa kwamba inabeba uzidi wa kwako kwa kilo 20 hivi. Tredimili ya kutembea mkanda upana sm 45 unatosha, ya kukimbia tafuta 50. Nguvu ya mota uliza ile ya mfululizo (inayoitoa muda wote), wauzaji wanapenda kukutajia ya kilele (ya muda mfupi tu) sababu namba inakuwa kubwa. Vuta na kile kikamba cha usalama uone kama inazima kweli.

Hatua ya 5. Kalori za kwenye kisikirini usizilie kiapo, mara nyingi zinazidisha. Kiganja cha korosho, gramu 30 hivi, ni kama kalori 170, na mtu wa kilo 70 akitembea harakaharaka nusu saa anachoma kama 150, sasa huku kwetu nani anaishia kiganja kimoja? Mashine bila kupunguza sahani haikufikishi. Na ile mikanda ya kutetemesha tumbo, achana nayo kabisaa, hamna mashine inayochagua mafuta ya tumbo peke yake.

Hatua ya 6. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unaweza kuongea ila kuimba huwezi. Gawa nusu saa siku tano. Usining'inie kwenye vishikio, ukiviegemea mwili haufanyi kazi.

Hatua ya 7, ya wenye tredimili tu: chini ya mkanda weka mafuta ya silikoni kama kitabu chake kinavyosema, sio ya kupikia wala ya cherehani, na kabla ya kuweka chomoa waya.