Umekwama na asaimenti ya mekanika ama stati (takwimu)? Omba msaada hivi

Kila semesta grupu za WhatsApp za injinia zinajaa kitu kimoja: picha ya swali imepigwa gizani, nusu ya mchoro imekatwa, halafu chini mtu ameandika "wasee nisaidieni na hii, dedlaini ni saa sita usiku". Kimya. Tiki za bluu ziko lakini hakuna anajibu, na si ati watu wana roho mbaya, ni vile hawajui wakushike wapi. Msee anayejua hiyo kazi akiona swali zima bila hata mstari wako mmoja anajua akianza kujibu atakaa hapo saa nzima akikufunza toka topiki ya kwanza, na yeye pia ako na ripoti yake ya lab inamngoja.

So kabla uitishe msaada kwa mtu yeyote, sukuma swali mpaka mahali limekataa kabisa, halafu uulize hapo tu.

Kwa mekanika hiyo inamaanisha mchoro. Si ule wa kitabu, wako. Chora kitu peke yake, toa sapoti zote, na kila sapoti ukitoa weka fosi zake: pini inaleta fosi mbili, rola inaleta moja, na boriti ikiwa imeshikwa ndani ya ukuta unaweka mbili pamoja na momenti (nguvu ya kuzungusha, yaani fosi mara umbali). Halafu hesabu vitu hujui. Kwa kitu kimoja kwenye karatasi bapa uko na ekwesheni tatu pekee, kwa hivyo kama hujui vitu vinne usiendelee kupiga algebra mpaka asubuhi, ama kuna bawaba mahali unafaa kukata hiyo kitu vipande viwili, ama swali linataka mbinu za kupinda kwa boriti zenye mtafunzwa baadaye. Wengi wanaolia mekanika ni ngumu shida yao iko kwa mchoro, hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili.

Chukua boriti ya mita 6, pini iko A, rola iko B, mzigo wa kilonewtoni 12 umekaa mita 2 kutoka A. Piga momenti kwa A: 12 mara 2 ni 24, gawa kwa 6, B inabeba 4, basi A inabeba 8. Sasa usiamini tu, piga tena momenti kwa B uone kama inakubali: 8 mara 6 ni 48, na 12 mara 4 ni 48. Imekubali. Na hata bila hesabu, mzigo uko karibu na A so A lazima ibebe zaidi, ukipata kinyume umepima umbali kutoka upande mwingine. Ukipata hivyo kinyume na huoni kosa, meseji yako inakuwa fupi, "nimepiga momenti kwa A nikapata B ni 8, lakini mzigo uko karibu na A, nimekosea umbali ama saini?" na mtu anaweza kukujibu akiwa amesimama kwa foleni ya matatu.

Mbili za haraka kabla usumbue mtu. Piga sin 30 kwa kalkuleta, ikikupa -0.988 badala ya 0.5 iko kwa radiani, badilisha na urudie swali lote. Na friksheni, usiandike mu mara N (namba ya msuguano mara fosi yenye sakafu inasukuma boksi juu) kila mahali. Hiyo ni limiti. Boksi la newtoni 100 sakafuni, mu ya 0.4, ukilisukuma na newtoni 25 halisongi, na friksheni hapo ni 25, si 40.

Stati iko na shida ya aina nyingine kwa sababu huwezi kuchora ukaona umepotea, kalkuleta inakupa namba safi na umekosa. Chukua data hii: 4, 6, 8, 10, 12. Wastani ni 8, ukijumlisha tofauti zikiwa zimepigwa skwea unapata 40. Ukigawa kwa 5 standadi devisheni (vile data imetawanyika kutoka kwa wastani) inakuwa 2.83, ukigawa kwa 4 inakuwa 3.16, na kalkuleta yako inazo zote mbili, mara nyingi moja imeandikwa sigma na nyingine s. Kama hizo namba ni za watu wote unaowazungumzia chukua sigma, kama ni sampuli tu imetolewa kwa kundi kubwa chukua s. Swali la asaimenti karibu kila wakati ni sampuli. Ni hivyo tu na jedwali: sampuli ya watu 10, hujui sigma ya kundi zima, unaenda kwa jedwali la t, digrii za uhuru 9 (10 toa 1), unatoa 2.262 kwa asilimia 95, si ile 1.96 ya z yenye kila mtu ameishika kichwani. Kwa hivyo ukiomba msaada wa stati, usitume namba peke yake, andika data ni ya nini, sampuli ni ngapi, nadharia tete yako inasema nini, na umechagua testi gani na kwa nini. Mara nyingi ukiandika hiyo "kwa nini" unajijibu mwenyewe.

Sasa uende kwa nani. Anza na wale wako mwaka mbele yako, walifanya hiyo kazi juzi na bado wanakumbuka iliwauma wapi. Ukiwa UoN (Chuo Kikuu cha Nairobi) ama TUK (Technical University of Kenya) mko tauni, kukutana ni rahisi, bebea mtu chai na andazi na umpe karatasi yenye umejaribu. Lekchara pia watu wanamwogopa bure. Mwandikie vizuri, "Habari ya asubuhi Daktari, mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, nimekwama swali la 3 sehemu b, nimeambatisha kazi yangu, naomba dakika kumi ukiwa ofisini", na uende mapema wiki, si siku ya kukusanya. Tyuta wa kulipa ni sawa, lakini mpatane bei ya saa kabla aanze, na akianza kukuandikia majibu badala ya kukuuliza maswali tafuta mwingine. Wale wa "nitumie kwa M-Pesa nikufanyie yote" achana nao, ukishikwa ni wewe unaitwa kwa kamati, yeye ashabadilisha laini.

Na hizi AI? Tumia, lakini usizipe picha ya mchoro ukidhani zimeona vizuri, zinaweza kusoma rola kama pini ama kuweka mzigo upande mbaya, halafu zikupe jibu kwa ujasiri wote. Andika mchoro kwa maneno na vipimo vyake, na jibu likija lipeleke kwa ile cheki ya momenti upande wa pili.

Usiku ukiisha na hakuna amejibu, peleka yenye uko nayo: mchoro, ekwesheni, mahali umefika, na mstari mmoja useme kwa nini unadhani jibu si sawa. Hata KCSE walikuwa wanakupa M1, maksi ya njia, na jibu limekosa.