Servisi ya kwanza ao ya pili? Namna ya kuchagua saa ya kula mu bato ya vakansi ukiwa na watoto

Banduku, tangu turudi Lubumbashi toka vakansi ya bato kule Durban, watu wananiuliza paka bei na visa. Hakuna mtu ananiuliza ile kitu ilitusumbua kweli, ni saa ya kula. Ukirezerve zile bato kubwa za kutembea baharini, zenye mnalala na kula humo ndani, ajansi itakuuliza swali moja dogo: chakula cha jioni mnataka servisi ya kwanza ao servisi ya pili? Wengi wanajibu haraka haraka juu wanaona ni kitu kidogo. Si kidogo. Ile saa utaikuta kila jioni mpaka siku ya kushuka, meza ni ile ile, serveri ni yule yule, na kama uko na mtoto wa miaka mine hiyo saa njo itaamua kama jioni zenu zitakua za furaha ao za kubeba mtoto analia mu kuloare.

Sababu ya zamu mbili ni nafasi. Bato inabeba watu elfu mbili, elfu tatu na kupita, restora kubwa haiwezi kuwaingiza wote pamoja, basi nusu wanakula kwanza, meza zinapanguswa na kupangwa upya, halafu wengine wanaingia. Kwa kawaida servisi ya kwanza inaanza kati ya 17h30 na 18h30, ya pili kati ya 20h00 na 20h45. Zile bato za Mediterane, juu zinabeba Waitalia na Waespania wengi na hao wanakula usiku, ya pili inaweza kuanza ata 21h00 na kupita. Kuna pia kampuni zenye hazina zamu: Norwegian waliacha hiyo mambo ya saa moja ya lazima toka mwaka 2000, unaingia saa unataka, na Royal Caribbean wanakupa kuchagua kati ya saa ya kudumu na ile wanaita My Time, ya kuchagua saa mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuumiza kichwa uliza kwanza kama bato yenu iko na zamu.

Na tafazali, saa muandike kwa namba, msitumiane kwa mdomo. Yaya yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, anaishi Johannesburg, yeye njo alitununulia tikiti, akatuma odio mu grupe ya familia akasema "tutakula saa nane". Yeye amezoea kuhesabu kizungu, alitaka kusema 20h00. Mama mkwe, kambo ya watoto wangu, alisikia saa nane ya mchana, akaanza kuniuliza sasa jioni tutakula nini, nibebe mikate? Tulipoteza siku mbili kueleweshana. Andika 18h00, pembeni andika saa kumi na mbili jioni, kila mtu aone. Kitu kimoja kizuri kwa sisi wa Lubumbashi: Durban na Lubumbashi saa ni moja, kwa hiyo tumbo la mtoto halibadilishwi na safari. Akilala saa mbili usiku hapa, atalala saa mbili usiku kule, usidanganyike ati vakansi itamfanya akeshe.

Sasa kosa letu. Hapa kwetu watu wazima tunakula usiku, baba anarudi kazini, kurent inarudi wakati inataka, bukari inaiva saa mbili ao saa tatu, njo maana wakati yaya aliuliza wote tulijibu ya pili, ya pili! Hakuna mtu alikumbuka kwamba hapa nyumbani batoto hawatungojee, wanakula mbele yetu na wanalala. Tukachagua kwa kuangalia sisi wakubwa. Usiku wa pili mu bato, 20h30, tumevaa vizuri, tumeketi, mkate umefika, supu imefika, na wa mwisho wangu wa miaka mine anashika uma na kipande cha friti, mkono unashuka pole pole mpaka friti inagusa kitambaa cha meza, halafu kichwa nacho kinafuata. Akasema "Mama, minalala," na macho yamekwisha funga. Samaki ilikua haijafika. Baba yake akamubeba, bato inayumba kidogo, kuloare ni ndefu vile unazijua, nikabaki na sahani mbili zinapoa mbele yangu. Tulirudia hivyo usiku wa tatu, mimi njo nilimubeba hiyo siku, na nilikasirika kweli juu pesa ya ile chakula ilikwisha lipwa.

Basi kitu nilijifunza, na hii njo ningependa ushike kuliko yote: usiangalie saa ya kuketi, angalia saa ya kuinuka. Chakula cha pale si bukari ya kumaliza mu dakika kumi na tano. Kuna ya kwanza, kuna sahani kubwa, kuna dese, na katikati kuna kungoja. Hesabu saa moja na nusu, meza kubwa ya familia hesabu masaa mawili. Kwa hiyo servisi ya 18h00 inakufikisha 19h30 ao 20h00, servisi ya 20h30 inakufikisha 22h00 na kupita. Chukua saa yenye mtoto wako mdogo analala siku ya masomo, siyo siku ya ndoa ao ya Noeli, siku ya kawaida. Kama saa ya kuinuka inapita ile saa, hiyo servisi si yenu, ata kama wakubwa wote wanaitaka.

Fanya hivi wiki mbili kabla ya kurezerve: jioni tatu andika kwenye simu saa watoto wanaanza kuomba chakula na saa wanaanza kusugua macho. Usikadirie kichwani, andika. Mimi nilifikiri wa kati wangu, wa miaka 8, anakesha mpaka saa nne, kumbe tulipopima kiisha kurudi hapa niliona saa mbili na nusu anakwisha kuwa mkali na kupiga mdogo wake, hiyo njo usingizi wake.

Mtu wa pili wa kuangalia ni mzee. Kambo yetu ana ugonjwa wa sukari, dawa yake ya jioni inaenda pamoja na chakula, hawezi kungoja 20h30 halafu tena ungoje sahani ije. Ule usiku wa kwanza tulimpeleka ku bufe mapema ale kidogo, akaona haya kula peke yake kama mgeni. Kama uko na mzee wa hivyo ao mtu wa dawa za saa, swali limekwisha jibiwa, chukua ya kwanza.

Je servisi ya pili ni mbaya? Hapana. Kama watoto wako ni wa miaka 12 na kuendelea, ni nzuri sana. Mnatoka bichi ao ku eskale (pale bato inasimama bandarini watu washuke) bila kukimbia, mnaoga, mnapumzika, kuna wakati wa kuona jua likizama juu ya bahari (kule Durban mwezi wa kumi na mbili linazama karibu saa moja jioni, watu wa servisi ya kwanza wako ndani na sahani), na hakuna watu wanangojea meza yenu, mnaweza kukaa na kuongea. Watoto wa yaya ni vijana, wa miaka 14 na 16, kwao servisi ya kwanza ingekua azabu, saa kumi na mbili hawana njaa juu saa kumi walikua ku bufe na piza. Ni kweli ile ya kwanza iko na haraka kidogo: siku ya eskale unarudi mu bato na mchanga miguuni, unaosha watoto watatu mu kabini yenye nafasi ya kugeuka mtu mmoja, na saa inakimbia. Hakikisha unajua siku ngapi bato itakua bandarini na saa ngapi mnapaswa kuwa mmerudi ndani, ukiona siku nyingi ni za kurudi 17h00 ao 17h30, jua kila siku hizo utakimbia. Mimi bado naona kukimbia ni afazali kuliko kubeba mtoto amelala.

Spektakli isikuogopeshe. Bato nyingi zinacheza mara mbili kwa usiku, wenye walikula kwanza wanaangalia kiisha kula, wenye watakula nyuma wanaangalia mbele, hakuna anayenyimwa. Uliza pia klabu ya watoto inafungua mpaka saa ngapi na inapokea kuanzia miaka mingapi, mahali pengi wa chini ya miaka 3 hawabaki bila mzazi. Bato za Disney, servisi yao ya pili karibu 20h15, wako na mpango ambapo watoto wanapewa chakula mapema kuliko wakubwa halafu watu wa klabu wanakuja kuwachukua pale restora wakacheze, wazazi wanamaliza polepole. Kama kampuni yenu iko na kitu kama hicho, servisi ya pili inawezekana ata na mdogo, basi asiwe mtoto wa kulala saa mbili kama wangu.

Na kama mmekwisha chagua vibaya, ao ajansi imewatia kwenye servisi yenye hamkutaka juu ya nafasi? Usingoje kama sisi. Siku ile ile ya kupanda, mchana, mbele bato haijaondoka, uliza metre dotel anapokea watu wapi na saa ngapi, ni yeye anapanga meza. Enda na namba ya kabini, hesabu ya watu na miaka ya watoto, ongea kwa heshima, sema wazi: niko na mtoto wa miaka mine na mama mwenye ugonjwa wa sukari. Sisi tulienda siku ya nne, tukaambiwa kuna meza moja tu ya watu sita, na sisi tulikua tisa. Tukaikubali. Wa yaya watatu wakabaki servisi ya pili, sisi tukahamia ya kwanza na kambo. Mwanzoni nilisikia uchungu, tulikuja baharini tuwe pamoja na sasa tunagawanyika, lakini asubuhi tulikua tunakula wote ku bufe na mchana pia, na ile jioni ya kwanza ya 18h15 wa mwisho alikula samaki yake yote na dese, akatembea na miguu yake mpaka kabini. Kama mnataka kuwa meza moja kabisa, familia mbili ao tatu, ajansi iunganishe namba za rezervasio zenu tangu mwanzo na wote wachague servisi moja, kiisha hapo ni vigumu.

Serveri naye ni mtu wa kuongea naye usiku wa kwanza, juu mutakua naye safari yote. Mwambie alete chakula cha watoto pamoja na ile ya kwanza ya wakubwa, siyo kungoja sahani kubwa. Wanafanya hivyo bila shida, na dakika ishirini za kwanza njo zenye mtoto anasumbua sana. Wetu, siku ya pili tu alikua anajua kambo anataka maji ya moto na pilipili pembeni, alikua anaileta mbele hajaomba, na kambo ambaye hajui kizungu hata kidogo alikua anamuita "mwanangu". Hiyo ni faida ya meza ya kudumu, zile za kuingia saa unataka unaweza kukuta serveri mpya kila siku.

Siku ya kwanza ya kupanda usishikilie restora. Mmetoka mbali, mmepita ndege ya Johannesburg, foleni, mazoezi ya usalama, watoto wamechoka. Enda ku bufe saa kumi na moja, wale, walale. Meza yenu haitapotea. Na usiku wa kuvaa vizuri chagua nguo yenye mtoto anaweza kukaa nayo masaa mawili, viatu vya kubana utavibeba wewe. Mimi nilivaa kikwembe cha kushona, nikasimama vizuri kati ya magauni yao.

Kama wewe na bwana mnataka usiku mmoja wenu peke yenu, lisha watoto ku bufe saa kumi na mbili, waache na kambo ao na yaya, na asubuhi yake umwombe metre dotel meza ya wawili kwenye servisi ya pili. Wakiwa na nafasi wanakupa.

Halafu usiku wa mwisho. Valizi kubwa zinatolewa mlangoni kwa kabini, na karatasi yenye namba, mbele ya usiku wa manane ao mapema kuliko hapo, soma karatasi watawapatia. Mwenye servisi ya pili anatoka mezani 22h00 na kuanza kufunga, kwa hiyo afunge mchana. Mwenye ya kwanza ana jioni nzima. Kwa wote wawili: nguo za kesho, dawa ya mzee na piyama ya mdogo zibaki mu saki ya mkono, sisi tulifungia piyama mu valizi na mtoto alilala na shati ya baba yake.