Petroli Inapochemka Kabla ya Kufika Kwenye Kabureta

Land Rover 109 au Peugeot 404 ikizima kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, saa nane mchana, halafu ikapoa nusu saa na kuwaka kama haijawahi kuumwa, usikimbilie kununua pampu. Fungua kwanza kifuniko cha tanki. Kikivuta hewa kwa mlio wa "fsss", kitundu chake cha kupumulia kimeziba. Kizibue kwa sindano, joto halihusiki.

Kama hakuna mlio, chomoa plagi moja. Ikiwa kavu, petroli haifiki: bomba limejaa mvuke. Funika pampu na bomba kwa kitambaa kilicholowa, subiri dakika 15. Usimwagie maji manifodi ya eksozi, inaweza kupasuka. Plagi ikiwa imelowa na inanuka petroli, petroli iliyomo kwenye kabureta ilichemka baada ya kuzima injini na ikamwagikia kwenye manifodi ya kuingiza hewa. Hapo kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, ishikilie bila kupampu, piga stata sekunde 5 hadi 10. Choki usiiguse.

Petroli ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi. Pampu ya zamani imefungwa ubavuni mwa injini, inavuta mafuta kutoka nyuma kabisa. Kule kuvuta kunashusha presha ndani ya bomba, na presha ikishuka petroli huchemka mapema zaidi. Kiwambo cha pampu kinabaki kupiga mvuke tu. Barabarani upepo unasaidia. Kwenye foleni haupo.

Matengenezo yaanze kwenye joto lenyewe: safisha rejeta, kaza mkanda wa feni, pima taimingi (wakati plagi inapotoa cheche), maana ikichelewa eksozi huwaka moto kupita kiasi. Mipira ya mafuta iliyopasuka badilisha yote, hata ile isiyovuja, kwa kuwa upande wa kuvuta huingiza hewa bila kudondosha tone. Bomba lipite angalau sentimita 5 kutoka kwenye eksozi.

Kisha mafundi bati wa Gerezani wakukatie alumini ya milimita 1, ikae kati ya eksozi na kabureta bila kugusa yoyote. Chini ya kabureta weka kipande cha bekalaiti (plastiki ngumu isiyopitisha joto kirahisi) cha milimita 6 hadi 10, gasketi juu na chini. Kabla ya kukaza, shusha boneti taratibu uone kama inafunga. Wengi husahau hili.

Pampu ya umeme ndiyo ya mwisho. Ifunge karibu na tanki, chini ya usawa wa mafuta, ili isukume badala ya kuvuta. Kwa kabureta nyingi za zamani presha ya paundi 2 hadi 3 (psi) inatosha. Ikizidi, sindano ya kabureta inashindwa kufunga na mafuta yanafurika. Umeme upitie rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na swichi ya presha ya oili, injini ikizima nayo izime.

Na ukisimama Kariakoo dakika 15 kununua kitu, acha boneti wazi. Huo ndio muda kabureta inapopata joto kali kuliko gari lilipokuwa likitembea.