Somo: Kupita chini ya madaraja bila kugonga, kwa madereva wa malori Marekani

Swali ni lile lile kila wiki: ramani imenileta kwenye daraja la futi 12, nifanyeje? Naandika mara moja. Mnaovuta trela na mnaokodi malori ya kuhamia nyumba, someni hapa kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Zoea futi na inchi. Futi 1 ni inchi 12. Kibao cha 13'6" maana yake futi 13 na inchi 6, yaani mita 4.11. Si 13.6.

Hatua ya 2. Achana na ramani ya simu ya magari madogo. Haijui kimo cha lori. Tumia kifaa cha ramani cha malori, ujaze kimo, urefu na uzito.

Hatua ya 3. Pima kimo mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanasoma 13'6" iliyobandikwa kwenye pua ya trela na kuiamini. Namba hiyo inadhani sahani inayobeba trela kwenye kichwa (gari la mbele lenye injini) iko kama inchi 47 kutoka chini. Ukifunga kichwa chenye sahani ya inchi 50, pua inapanda karibu inchi 3, na sasa wewe ni 13'9". Egesha mahali tambarare, tairi ziwe na upepo kamili, bagi za hewa (mifuko inayobeba lori badala ya springi) zijae kama unavyotembea. Pima pua, katikati na mkia, chukua namba kubwa. Tumia fimbo ya faiba ya kuvutwa, si ya chuma, na uangalie nyaya za umeme juu kabla ya kuiinua. Kisha ongeza inchi 3 za kuruka kwenye mashimo.

Tahadhari: trela tupu inakaa juu kuliko iliyopakia. Daraja ulilopita ukiwa na mzigo asubuhi linaweza kukupasua paa jioni ukirudi mtupu. Ukibadilisha kichwa au trela, pima upya. Kama ni flatbedi (trela lisilo na kuta) yenye ekskaveta, pima mkono wa mashine, usipime kebini yake.

Hatua ya 4. Andika kimo kwa herufi kubwa, bandika unapokiona ukiwa umekaa. Uingereza sheria inadai kibao hicho ndani ya kebini kwa gari linalozidi mita 3. Hapa hakuna anayekudai, bandika tu.

Hatua ya 5. Pitia njia nzima kabla ya kuwasha injini. Sheria ya shirikisho haiweki kikomo cha kimo, kila jimbo lina chake: mengi ya mashariki 13'6", mengi ya magharibi 14'. New York, barabara yenye jina la "Parkway" si ya malori, hata kifaa kikikuelekeza huko. Madaraja yake mengi ni ya tao la mawe: katikati pako juu, pembeni panashuka. Boston ni barabara ya Storrow Drive, inayokula malori ya kukodi hasa mwanzo wa Septemba watu wanapohama. Lori la kukodi lisilofika pauni 26,001 halihitaji CDL (leseni ya udereva wa kibiashara), kwa hiyo anayeliendesha mara nyingi siku zote anaendesha gari dogo tu. Ndugu zangu mnaohama, kibao cha "Cars Only" (magari madogo tu) kinawahusu.

Hatua ya 6. Soma vibao. Lami mpya na barafu iliyoganda vinapunguza nafasi, kibao hakibadiliki. Barabara ikibonyea chini ya daraja, kichwa chako kikiwa upande mmoja wa bonde na tairi za nyuma upande wa pili, paa la trela ya futi 53 linakaa juu zaidi ya bonde kuliko ulivyopima.

Hatua ya 7. Ukifika na una shaka, simama. Washa hazadi (taa za tahadhari), piga 911 (namba ya dharura), omba polisi wazuie magari ndipo urudi nyuma. Honi za walio nyuma yako hazilipi paa.

Hatua ya 8. Ukigonga daraja la reli, usijaribu kujichomoa. Tafuta kibao chenye namba ya simu ya reli na namba ya daraja, piga huko kwanza ili treni zisimamishwe, kisha 911.

MASWALI

Mwanachama, Dallas: Trela yangu ni 13'6", niweke ngapi kwenye kifaa?
Jibu: Hatua ya 3. Umepima?

Mwanachama, Dallas: Wote wanasema 13'6" mkuu.
Jibu: Wote hawavuti trela yako. Pima.

Mwanachama, Columbus: Kuna jamaa anasema ukitoa hewa kwenye bagi unapita.
Jibu: Ukitoa hewa za kichwa, pua inashuka inchi chache. Mkia unabaki pale pale. Hiyo ni ya kujinasua polepole chini ya usimamizi wa polisi au watu wa kuvuta malori yaliyokwama, si ya kupangia safari.

Mwanachama, Raleigh: Samahani kaka, naishi karibu na lile daraja la reli la Durham linalogongwa na malori. Kwa nini wasiliinue tu?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Daraja la Mtaa wa Gregson lilikuwa 11'8". Kushusha barabara kulishindikana kwa sababu bomba kuu la majitaka limepita chini kidogo ya lami. Kuinua reli kunadai uinue njia ya treni pande zote mbili, maana treni haipandi mwinuko wa ghafla. Mwaka 2016 waliweka sensa: mwale unavuka barabara, lori refu likiukata, taa inawaka nyekundu na kibao kinaandika ukate kona. Wapo waliopita nyekundu. Oktoba 2019 reli iliinuliwa inchi 8, ikawa 12'4", na trela ya 13'6" bado haipiti. Ile nguzo ya chuma iliyolala mbele inalinda daraja. Lori hailindi.

Mwanachama, Mombasa: Na sisi wa kontena?
Jibu: Kontena la kwenda juu (high cube) lina kimo cha mita 2.9. Kama sakafu ya trela ni mita 1.5 kutoka chini, uko 4.4. Pima sakafu yako, jumlisha.

Mwanachama, Minneapolis: Wa tipa umewasahau.
Jibu: Kweli. Mkishamwaga, hakikisheni PTO (kifaa kinachochukua nguvu ya injini kuinua bodi) imezimwa na bodi imelala kabisa kabla ya kuingia barabara kuu. PTO ikibaki imeshika, bodi inapanda taratibu ukitembea na huisikii. Angalia kwenye kioo cha pembeni kila baada ya kumwaga.