Usaili wa kwanza wa fiziotherapia ya ubongo na mishipa ya fahamu: namna ya kujiandaa

"Mzee wa miaka 62, siku ya pili tangu apate kiharusi, upande wa kushoto umelegea. Umeitwa wodini. Utafanya nini?"

Swali hili, au linalofanana nalo, ni la kutarajiwa kila hospitali inapotafuta mtaalamu wa fiziotherapia wa wodi ya kiharusi au ya majeraha ya uti wa mgongo. Wengi waliotoka chuoni juzi hukimbilia kutaja mazoezi: kunyoosha viungo, kuimarisha misuli, kufundisha kutembea. Hapo ndipo alama zinapopotea. Jopo linajua kwamba umesomea mazoezi. Linachotaka kusikia ni unavyofikiri kabla mkono wako haujamgusa mgonjwa. Jizoeze basi kufikiri kwa sauti kwa mpangilio mmoja usiobadilika: usalama, kutazama, kupima, lengo, ndipo tiba na sababu yake.

Tuichukue kesi hiyo hiyo. Anza na faili. Ni kiharusi cha mshipa kuziba au cha damu kuvuja? Presha ya asubuhi ilikuwa ngapi, na daktari ameruhusu mgonjwa aamshwe? Ameshapimwa uwezo wa kumeza? Ukilisahau hilo la mwisho ukampa maji baada ya zoezi, yanaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Kisha ongea naye kabla ya kumshika: yuko macho kiasi gani, anaelewa maelekezo, anakujibu?

Siku ya pili nayo ina uzito wake. Utafiti wa AVERT, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 2,000, ulionyesha kwamba kuwaamsha wagonjwa ndani ya saa 24 za kwanza, tena kwa vipindi vingi na vizito, kulipunguza uwezekano wa kuwa na hali nzuri baada ya miezi 3. Kwa hiyo usiseme "nitamsimamisha haraka iwezekanavyo", wala usiseme utamwacha alale wiki nzima. Sema vipindi vifupi, mara kadhaa kwa siku, huku ukifuatilia presha. Mpime akiwa amelala, mpime tena akiwa amekaa. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au akisikia kizunguzungu, mrudishe alale na umjulishe muuguzi.

"Upande wa kushoto" ni kidokezo kingine. Ubongo wa kulia unapoumia, baadhi ya wagonjwa huusahau kabisa upande wa kushoto: wanakula nusu ya sahani, hawamwoni anayewasalimu kutoka huko. Taja kwamba utalichunguza, kwa sababu mgonjwa wa aina hii anaweza kuanguka hata kama miguu yake ina nguvu. Taja na bega. Misuli ikilegea, uzito wa mkono hulivuta bega lishuke kwenye kiungo chake, na mtu akimwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono huo, maumivu yanaweza kudumu miezi. Mkono uegemezwe kwa mto, na ndugu waonyeshwe mahali pa kumshika.

Hapo kwenye ndugu pana alama ambazo wengi huziacha mezani. Katika wodi zetu ndugu ndiye anayemlisha mgonjwa, anayemgeuza na atakayemhudumia nyumbani. Eleza utamfundisha nini leo, na utahakikishaje ameelewa: afanye yeye, wewe ukitazama. Usaili unaweza kuendeshwa kwa Kiingereza, lakini jopo likikuomba umweleze mama kwa nini mumewe hawezi kuongea, kigugumizi cha maneno ya kitabibu hakitakusaidia. Fanya mazoezi ya maelezo hayo kwa Kiswahili chepesi, kwa sauti, mbele ya mtu asiyesomea afya.

Malizia jibu kwa lengo linalopimika. "Kuboresha uwiano wa mwili" si lengo. "Atakaa ukingoni mwa kitanda dakika 10 bila kushikwa, ndani ya siku 5" ni lengo.

Kuhusu vipimo, jua vichache na uvijue hadi chini. Mizani ya Berg, ya kupima uwiano wa mwili, ina vipengele 14, kila kimoja alama 0 hadi 4, jumla 56. Ya Ashworth iliyorekebishwa, ya kupima ukakamavu wa misuli, huenda 0, 1, 1+, 2, 3, 4. Hiyo 1+ ndiyo inayosahaulika. Kwa kasi ya kutembea, mita 10 kwa sekunde 25 ni mita 0.4 kwa sekunde. Chini ya hapo mtu kwa kawaida huishia ndani ya nyumba, kuanzia 0.8 anaweza kujitegemea mitaani. Mwachie mita 2 kabla na mita 2 baada ya sehemu unayopima, la sivyo utapima na ile hatua ya kuanza na ya kusimama, na kasi itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Usitaje kipimo ambacho hujawahi kukifanya kwa mikono yako, kwa sababu swali linalofuata litakuwa "ulikifanyaje?"

Swali la dharura hutoka zaidi kwenye uti wa mgongo. Kijana aliyeumia uti wa mgongo kwenye T6 (usawa wa pingili ya sita ya kifua) au juu yake anaumwa kichwa ghafla, uso mwekundu, jasho linamtoka, namba ya juu ya presha ni 150. Hiyo ni disrefleksia ya otonomiki, yaani presha kupanda ghafla kwa sababu ya kero iliyo chini ya jeraha, na inaweza kuua. Kumbuka kwamba presha yake ya kawaida huenda ni 90 hadi 110, hivyo 150 kwake ni ya hatari. Mketishe wima papo hapo, shusha miguu, legeza mkanda na nguo, ita msaada. Kisha tafuta chanzo: mpira wa mkojo uliojikunja au mfuko uliojaa, halafu choo kigumu, halafu ngozi iliyobanwa au yenye kidonda. Kosa linaloumiza zaidi ni kumlaza chali "apumzike", kwani presha hupanda zaidi.

Ukiombwa kuonyesha kwa vitendo, tarajia kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Eleza kwanza kwa mgonjwa. Weka kiti upande wenye nguvu, kikiwa kimekaa mshazari kidogo kuelekea kitanda, funga breki zote mbili, ondoa vikanyagio. Msogeze hadi ukingoni, nyayo zake ziwe sakafuni na nyuma kidogo ya magoti, zuia goti dhaifu kwa goti lako. Mwambie ainame mbele hadi pua ivuke vidole vya miguu, ndipo ainuke. Mshike kiunoni au kwenye bapa la bega, kamwe si kwapani. Breki husahauliwa hata na wanaojua, kwa sababu ya wasiwasi. Ziguse kwa mkono huku ukitamka "breki".

Nyaraka zisikuchukulie muda, ila zisikuangushe. Kwa ajira za serikali ya Tanzania, zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, beba vyeti halisi na kitambulisho, usitegemee matokeo ya muda. Na jiandae kwa mtihani wa mchujo kabla ya usaili wa ana kwa ana. Kenya, hakikisha usajili wako katika Baraza la Fiziotherapia uko sawa kabla ya kutuma maombi.

Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui, kisha sema utafanya nini: utamlinda mgonjwa vipi kwa sasa, utamuuliza nani. Katika fani hii anayebahatisha anatisha kuliko asiyejua.

Wakikuuliza kama una swali, kuwa nalo. Uliza utahudumia wagonjwa wangapi kwa siku, mgonjwa akiruhusiwa anafuatiliwa vipi nyumbani, na nani atakusimamia miezi 3 ya kwanza. Jibu la hilo la mwisho lisikilize kwa makini: kama hakuna mwenye uzoefu atakayekuwa nawe wodini, uliza utampigia nani simu mgonjwa akibadilika ghafla.