Somo: Kuchagua buti za safari za ngozi za kuvaa kila siku, hatua kwa hatua

Buti za safari, zile za ngozi zenye jozi mbili au tatu tu za matundu ya kamba, zinazoletwa kwenye meza yangu ya kushonea huja na ugonjwa wa aina mbili. Kuna zilizofumuka ubavuni, pale penye fundo la kidole kidogo. Na kuna ambazo ukiingiza mkono ndani unapapasa vishimo vitano mbele kabisa, vidole vimechimba soli ya ndani kama vinatafuta njia ya kutokea. Mwenye buti za kwanza alinunua nyembamba. Mwenye buti za pili alinunua fupi.

Wa kwanza namsaidia: nalainisha ngozi, natia kalibu (lile umbo gumu la mguu ambalo kiatu hujengwa juu yake), naiacha siku mbili, inaachia. Wa pili namwambia ampe mdogo wake. Ngozi hupanuka, hairefuki. Kwa urefu imeshikwa mbele na ncha ngumu, nyuma na kile kikombe kigumu cha kisigino, na chini na soli yenyewe. Kwa hiyo kwenye urefu usikubali mapatano yoyote na muuzaji. Kwenye upana kuna nafasi kidogo ya kuzungumza.

Hatua ya 1: Pima miguu yote miwili, tena jioni

Mguu wa asubuhi si mguu wa jioni. Ukishinda umesimama au umekaa, maji ya mwili huteremka na mguu huvimba kidogo. Buti iliyokukaa vizuri saa mbili asubuhi inaweza kuwa adui wako alasiri. Pima jioni, ukiwa na soksi zile utakazovalia buti.

Weka karatasi kwenye sakafu ngumu, kisigino kiguse ukuta, simama na uzito wako wote. Mwombe mtu akuchoree, maana ukiinama kujichora mwenyewe uzito unahama na mguu unabadilika umbo. Kalamu isimame wima. Ikilala kuelekea ndani inakuibia milimita kadhaa kila upande.

Chukua vipimo vitatu. Cha kwanza, kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa watu wengi ni gumba, lakini wako ambao cha pili kimelipita). Cha pili, upana penye mafundo, kutoka fundo la gumba hadi fundo la kidole kidogo. Cha tatu, kutoka ukutani hadi fundo la gumba.

Hicho cha tatu ndicho karibu kila mtu hukiruka, nami ndicho ninachokijali kuliko vyote. Mguu una mifupa 26, lakini ukitembea unakunjika zaidi pale kwenye mafundo. Buti nayo ina mahali pake pa kukunjika. Watu wawili wenye miguu ya sentimita 26 wanaweza kutofautiana kabisa hapo: mmoja ana vidole virefu, mwenzake ana vidole vifupi na uwayo mrefu. Wakivaa buti moja, mmoja atasema ni kama soksi, mwingine atang'atwa juu ya vidole kila hatua.

Hatua ya 2: Soma namba, lakini usiiamini

Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani kama milimita 6.7. Za Uingereza hupanda kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Za Marekani hupanda kwa kiasi kilekile cha Uingereza ila huanzia mahali pengine, ndiyo maana buti ya kiume ya 8 ya Uingereza mara nyingi huandikwa 9 ya Marekani. Ukiambiwa "ongeza namba moja tu", uliza kwanza ni namba ya wapi.

Zaidi ya hayo, namba hutokana na kalibu ambayo buti imejengwa juu yake, na kila kiwanda kina kalibu zake. Mimi huchukua urefu wa mguu mkubwa, naongeza sentimita 1 hadi 1.5, halafu natafuta buti yenye urefu huo kwa ndani. Ukikuta boksi limeandikwa sentimita au milimita, mara nyingi hicho ni kipimo cha mguu wenyewe, kwa hiyo usiongeze tena.

Hatua ya 3: Karatasi ndani ya buti

Kata ile picha ya mguu wako kwa mkasi, itie ndani ya buti, ulegeze kamba kabisa na uchungulie. Karatasi ikilala, endelea. Ikijikunja kingo, buti ni nyembamba kuliko mguu wako. Kama soli ya ndani inatoka, ni rahisi zaidi: itoe, ikanyage ukiwa umesimama, uone kama nyama ya mguu inamwagika pembeni. Wauzaji wengine watakutazama kwa mshangao. Waache.

Hatua ya 4: Vaa, funga, tembea

Ingiza mguu, kisha gonga kisigino sakafuni mara mbili ili kikae nyuma kabisa kabla hujafunga kamba. Watu wengi hufunga mguu ukiwa umesogea mbele, halafu wanalalamika kwamba kisigino kinacheza.

Sasa simama. Mbele ya kidole kirefu pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Ncha ikiwa ngumu, kuibonyeza kwa juu hakutakuambia kitu. Legeza kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, uone kama kidole kimoja cha mkono kinapita nyuma ya kisigino. Penye mafundo, ngozi ikushike pande zote mbili bila kukubana, kama mkono wa mtu anayekusalimu kwa adabu. Ukiona ngozi ya pembeni imevimba na kupita ukingo wa soli, hapo mguu umezidi upana wa buti.

Tazama pia pengo la kamba. Buti ya safari ina matundu machache, jozi mbili au tatu tu, na pande zile mbili za ngozi zikishagusana huna tena cha kukaza. Buti mpya inatakiwa kubakiza pengo la sentimita moja na nusu hivi, pande zikienda sambamba, kwa sababu ngozi ikishaachia pengo litapungua. Ukikuta zimegusana siku ya kwanza dukani, buti hiyo ni pana kwa mgongo wa mguu wako na itazidi kuwa pana. Pande zikifunguka juu kama mdomo wa funeli, mgongo wa mguu wako uko juu kuliko kalibu yao.

Tembea dakika 10 au zaidi kwenye sakafu ngumu. Zulia la dukani ni mchawi, linafanya kila kiatu kiwe kizuri. Panda ngazi, shuka ngazi. Kupanda kunakuonyesha kisigino: kikiinuka milimita chache kwenye buti mpya ngumu si neno, soli ikilainika kitatulia, kikiinuka hadi soksi inasuguana, achana nazo. Kushuka kunakuonyesha vidole: vikigonga mbele hata mara moja, zirudishe rafuni.

Hatua ya 5: Ngozi na soli

Umbo hili la buti ni la zamani. Lina undugu na veldskoen za Afrika Kusini, viatu vya vipande vichache vya ngozi vilivyoshonwa juu ya soli. Kwenye ushonaji huo ukingo wa ngozi hukunjwa kwenda nje, ukalazwa juu ya soli na kupigwa uzi unaoonekana kuzunguka kiatu. Ukiuona uzi huo, vuta ngozi taratibu uhakikishe umepita kweli, kwa maana kuna soli za gundi zilizochorwa mishono ya mapambo. Ya kushona naifumua na kuirudishia soli mpya. Ya gundi tupu hutegemea bahati.

Swedi ni upande wa ndani wa ngozi uliosuguliwa ukatoa vinyweleo. Ni laini tangu siku ya kwanza na huachia haraka, kwa hiyo unaweza kuichagua ikiwa imekushika kidogo zaidi. Ngozi nzima yenye uso wake wa nje ni ngumu mwanzoni, huachia polepole, na hudumu. Ili kujua kama ni ngozi au plastiki iliyopakwa rangi, bonyeza kwa kidole gumba: ngozi hutoa mikunjo midogo isiyofanana inayotawanyika, plastiki huzama tu na kurudi. Angalia pia ukingo uliokatwa, karibu na matundu ya kamba. Ngozi ina nyuzinyuzi. Bandia ina kitambaa kwa chini.

Soli ya krepu, ile ya mpira wa asili yenye rangi ya asali, ni raha kuitembelea, ila hushika uchafu na huteleza kwenye vigae vyenye maji. Mpira mgumu ni mzito kidogo lakini hauna maringo. Soli nyepesi za poliyurethani ni nzuri, ila zikikaa stoo miaka mingi huoza kwa unyevu na kumeguka kama keki, hata kama hazijavaliwa. Yoyote uichukuayo, ikunje kwa mikono: ikunjike penye mafundo. Ikikunjika katikati ya uwayo, haitakubeba siku nzima.

Hatua ya 6: Kuzizoesha

Zivae kwa muda wa saa mbili siku ya kwanza, ndani ya nyumba. Kesho zipumzishe. Ukiweza kuzivaa kwa muda wa saa nne bila lengelenge, toka nazo. Usizilowanishe, usizitie kwenye joto, usizitembelee safari ndefu ili "zikome". Atakayekoma ni wewe.

Maswali ya wanachama

Shikamoo fundi. Mguu wangu wa kulia umezidi wa kushoto karibu nusu sentimita. Nifuate upi?

Marahaba mwanangu. Fuata wa kulia, bila kubishana nao. Wa kushoto tia soli ya ndani nyembamba ya ziada, au gundisha kipande cha sponji chini ya ulimi wa buti, kile kipande cha ngozi kilicho chini ya kamba. Nafasi ya ziada hujazwa. Nafasi isiyokuwepo haiumbwi.

Mkuu, buti zangu ziko sawa kila mahali isipokuwa kisigino kinapanda na kushuka. Nimeweka sponji nyuma, bado.

Sponji ya nyuma inakusukuma mbele, inaongeza tatizo. Itoe. Weka sponji chini ya ulimi, juu ya mgongo wa mguu, ili ikurudishe nyuma kwenye kikombe cha kisigino. Buti hizi hazina matundu ya kutosha kucheza na ufungaji wa kamba, kwa hiyo dawa iko kwenye ulimi.

Muuzaji aliniambia vidole vinagusa kwa sababu ni mpya, zitaachia. Ni mwezi wa pili sasa.

Hazitaachia. Pole sana.

Fundi, baba yangu ana kisukari na miguu imekufa ganzi. Anapenda sana buti hizi. Nimnunulie?

Hapa niwe mkweli, dada yangu. Hatua ya 4 yote inategemea mvaaji kuhisi, na yeye hahisi. Atakwambia ziko sawa hata zikiwa zinamkata. Kwanza muulize daktari wake au mhudumu wa kliniki ya miguu kama zinamfaa. Akiruhusiwa, tumia vipimo na karatasi, usitegemee neno lake. Chagua ngozi laini isiyo na mshono kwa ndani penye vidole. Kila anapovaa, mtu apitishe mkono ndani atafute kijiwe au msumari, na kila jioni miguu ikaguliwe, hata katikati ya vidole. Akionekana na kidonda hata kidogo, apelekwe hospitali bila kungoja.

Nilinyeshewa, nikaziweka karibu na jiko usiku kucha. Zimekuwa kama mbao.

Moto uliondoa maji pamoja na ulaini wake, nyuzi za ngozi zikajikaza. Kama ni ngozi nzima, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, paka mafuta ya ngozi kidogo kidogo kwa siku tatu, na uikunjekunje kwa mkono. Palipopasuka hapatarudi. Kama ni swedi, usiguse mafuta, yatailaza na kuitia madoa. Tumia brashi kavu na uvumilivu. Siku nyingine jaza magazeti ndani, yabadilishe yakilowa, ziache kivulini penye hewa.

Tangu nijifungue mtoto wa pili, namba yangu imepanda. Nilidhani ni uvimbe, lakini ni mwaka sasa.

Hutokea, mama. Wakati wa ujauzito kano hulegea na uzito huongezeka, uwayo unashuka, mguu unarefuka, na kwa baadhi ya kina mama haurudi. Pima upya kama mtu ambaye hajawahi kununua kiatu.

Nikiagiza mtandaoni nitafanyaje hatua ya 4?

Hutaweza, kwa hiyo fanya hatua ya 1 vizuri zaidi. Mwombe muuzaji apime urefu wa soli ya ndani na upana wake penye mafundo, na akupigie picha rula ikiwa juu yake. Zikifika, zijaribu jioni, ndani, juu ya sakafu safi, ili soli isichafuke, endapo utalazimika kuzirudisha.

Na zilizovaliwa na mtu mwingine?

Zigeuze kwanza. Kisigino kikiwa kimelika sawasawa, endelea. Kikiwa kimelika upande mmoja, ziweke mezani uzitazame kwa nyuma uone kama zimepinda. Kisha ingiza mkono. Soli ya ndani ikiwa na vishimo vya vidole vyake na inatoka, itupe, weka mpya. Ikiwa imegundishwa, ziache, hata kama ngozi ya juu bado inang'aa.