Jinsi ya kujiandikisha na kupiga kura ukiwa mwanafunzi wa chuo jijini Mwanza

Mpiga kura hupiga kura katika kituo alichoandikishwa, na hapo ndipo wanafunzi wengi wa vyuo wanapoipoteza nafasi yao, kwa kuwa walijiandikisha mahali walipokuwa wakikaa siku ile bila kujiuliza watakuwa wapi siku ya uchaguzi. Kwa hiyo anza na kalenda. Uchaguzi mkuu wa 2015 ulifanyika tarehe 25 Oktoba, wa 2020 tarehe 28 Oktoba na wa 2025 tarehe 29 Oktoba. Hicho ni kipindi ambacho baadhi ya vyuo vinafungua mwaka mpya wa masomo na vingine bado vimefunga, na ratiba yenyewe huweza kusogezwa.

Mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha tiba cha Bugando, ambaye masomo yake ni ya miaka mitano na mafunzo ya wodini humshikilia hata wenzake wakiwa likizo, ana sababu nzuri ya kuandikishwa katika jimbo la Nyamagana, kilipo chuo. Mwanafunzi wa SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichopo Malimbe) ambaye hurudi Nansio, kisiwani Ukerewe, kila chuo kinapofungwa ni afadhali abaki katika daftari la wapiga kura la Ukerewe, maana safari ya meli ni ya saa kadhaa na si jambo la kupangwa asubuhi ya siku yenyewe. Anayetoka Sengerema au Geita ana unafuu zaidi tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kwa kuwa hasubiri tena zamu ya kivuko. Mimi ningeongeza kigezo kimoja: jiulize ni diwani na mbunge wa wapi ambao maamuzi yao yanakugusa wewe na jamaa zako, kwa sababu kura ya Rais ni ileile popote ulipo, lakini hizo nyingine mbili hufuata kata na jimbo.

Ukishaamua, fuatilia ratiba ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Sheria inaitaka Tume iboreshe Daftari la Kudumu la Wapiga Kura mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, na kazi hiyo hufanyika kwa zamu za mikoa. Katika uboreshaji ulioanza Kigoma Julai 2024, vituo vilifunguliwa saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni, na kila eneo lilipewa siku chache tu. Zoezi linaweza kupita kwenu ukiwa darasani Malimbe, kisha likapita Mwanza ukiwa nyumbani likizo, nawe ukabaki bila kadi. Anayestahili kuandikishwa ni raia wa Tanzania aliyetimiza miaka 18, au atakayeitimiza ifikapo siku ya uchaguzi.

Kituoni, mwandikishaji ataingiza taarifa zako katika mashine, atakupiga picha, atachukua alama za vidole na saini, kisha kadi itachapishwa papo hapo. Usiondoke mezani kabla hujaisoma herufi kwa herufi. Majina yetu ya Kanda ya Ziwa huharibika kwa urahisi: Ng'wanamashimba huandikwa Mwanamashimba, Nkwabi huwa Kwabi. Hakikisha yanalingana na yale ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwani tofauti hiyo inaweza kukusumbua baadaye.

Ikiwa ulishaandikishwa nyumbani, usijiandikishe upya. Omba kuhamisha taarifa zako, nawe uende na kadi ya zamani. Mwaka 2024 Tume iliruhusu hatua hiyo ianzishwe mtandaoni kwa simu au kompyuta, ingawa ilibidi mtu afike kituoni kuikamilisha. Kuhama geto (chumba cha kupanga) kutoka Malimbe kwenda Buhongwa ni kubadili kata, na kwenda Ilemela ni kubadili jimbo. Kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa chini ya Sheria ya Uchaguzi Namba 1 ya 2024, na adhabu yake ni faini ya shilingi 100,000 hadi 300,000, au kifungo cha miezi sita hadi miaka miwili, au vyote viwili.

Uchaguzi wa serikali za mitaa una utaratibu wake, na kadi ya Tume haikuingizi huko. Huo husimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na huhitaji kuandikishwa katika orodha ya wakazi wa mtaa au kitongoji unamoishi. Kwa uchaguzi wa 27 Novemba 2024, uandikishaji ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba tu, hivyo aliyehamia mtaani baada ya hapo alikuta orodha imefungwa.

Siku chache kabla ya kupiga kura, nenda ukaangalie jina lako katika orodha iliyobandikwa kituoni. Katika chaguzi kuu zilizopita, vituo vilifunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, na aliyekuwa tayari kwenye foleni muda huo alihudumiwa. Aliyepoteza kadi lakini jina lake limo daftarini aliruhusiwa kutumia pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha NIDA, mradi majina yalingane. Kitambulisho cha chuo hakikuwemo katika orodha hiyo.